Himoglobini ina "umbo la mundu" ama "muundo wa mundu"?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasomea unesi hapa Mombasa, kwetu Kisauni. Twatayarisha bango la kliniki kuhusu siko seli, nimeandika "himoglobini ya mgonjwa huwa na umbo la mundu". Mwenzangu ashikilia niandike "muundo wa mundu", ati umbo si neno la sayansi. Nani yuko sawa?

Jibu: Marahaba mwanangu. Mwenzako asikutishe, umbo ni neno la sayansi kabisa. Lakini na wewe umelivisha asiyekuwa mwenyewe.

Umbo ni vile kitu kinavyoonekana, cha duara, kirefu, kimepinda. Muundo ni vile kilivyoungwa, nini kimeshikana na nini na kwa mpango gani. Leso ni hiyo hiyo, nyuzi zile zile, ukijitanda ina umbo lake na ukibebea mtoto mgongoni ina jingine, muundo haujaguswa.

Sasa kwenye siko seli kilichoanza kuguswa ni muundo. Himoglobini, ile protini ya seli nyekundu inayobeba oksijeni, ina minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta, na ule wa beta una asidi amino (vipande vinavyojenga protini) 146, basi ile ya sita tu ndiyo imebadilika, pahali pa asidi glutamiki pamekaa valini. Moja tu! Mwanasayansi Linus Pauling na wenzake walishasema 1949 kwamba huu ni ugonjwa wa molekuli, halafu Vernon Ingram kule Cambridge miaka ya 1950 akaionyesha hiyo asidi yenyewe. Umbo la himoglobini moja moja halibadiliki sana, ila valini haipatani na maji, kwa hivyo himoglobini ikishaachilia oksijeni ile valini yajichomeka kwenye kijishimo cha himoglobini jirani, na huyo kwa jirani yake, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu ngumu na hizo nyuzi ndizo zinazoisukuma seli ikapinda, afu seli zakwama kwenye mishipa midogo, ndio yale maumivu.

Kwa hivyo mwenye umbo la mundu ni seli. Jina selimundu, Kiswahili cha siko seli, lenyewe lasema hivyo. (Mundu wenyewe, kile kisu kilichopinda, sijui nani hapa mjini bado anao, wengi twajua kotama ya mgema, lakini jina limeshashika.)

Kuna ugonjwa ambao mambo ni kinyume, na hapo "umbo la protini" ndilo hasa. Prioni, zile protini zinazoleta kichaa cha ng'ombe, alizopewa Nobel mwanasayansi Stanley Prusiner 1997. Mnyororo ni ule ule, asidi zile zile kwa mpango ule ule, ila protini imejikunja vibaya, na ikigusana na nzuri nayo inaifanya ijikunje vivyo hivyo, ubongo unaharibika. Ukiandika hapo kwamba mpangilio wa asidi umebadilika utakuwa umedanganya wasomaji, bora "mkunjo" ama "umbo".

Kwenye bango andika: "Badiliko dogo katika muundo wa himoglobini hufanya seli nyekundu za damu ziwe na umbo la mundu." Maneno yenu yote mawili yamo, msigombane.

Na hilo "maprotini" uliloandika chini ya swali lako litoe, protini ni ngeli ya I-ZI: protini hii, protini hizi.