Mwanangu, kadi nauza mwenyewe

Houston, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Kaka yako kakwambia nimeanza kuuza kadi zangu za wachezaji wa kikapu na besiboli, pamoja na saini zao nilizokusanya, nawe ukaingiwa na wasiwasi, ukaniuliza kama nimepungukiwa. Halafu ukauliza kwa nini nisiziache tu mje kuzirithi, maana mhasibu wenu kasema kodi ingekuwa nafuu. Nimeamua kuandika, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika mbali.

Sijapungukiwa, mama. Na mhasibu hajakosea. Kwa sheria ya hapa Marekani, mtu akiuza vitu vya aina hii alivyokaa navyo zaidi ya mwaka, faida yake yaweza kutozwa hadi asilimia 28, na mimi nilinunua kwa senti, kwa hiyo karibu bei yote ni faida. Mkirithi ninyi, hesabu inaanzia kwenye thamani ya siku niliyofariki. Nayajua hayo. Kodi nitalipa.

Unamkumbuka yule mzee jirani aliyekuwa akikusanya kadi za besiboli, aliyekuwa akikupa peremende? Alifariki mwaka juzi. Mkewe aliponiita nikamsaidie kupanga gereji, alikuwa ameshauza. Mtu alikuja na gari, akafunua maboksi mawili matatu, akampa dola mia sita kwa yote na kuondoka. Zile kadi nilikuwa nikizitazama kwa miaka ishirini. Mama wa watu akaniuliza, "Nilipata bei nzuri?" Nikamwambia alipata. Ningemwambia nini, na marehemu ndiyo kwanza kazikwa? Usiku ule usingizi haukuja. Mzee alikuwa hajaandika popote, kila kitu alikuwa nacho kichwani. Nikashuka nikafungua daftari langu, nikakuta nimeandika nusu tu.

Tena afadhali kadi, mtu anaweza kuuliza bei. Saini ndizo zinazonitia hofu. Kuna tiketi ya mwaka 2005 yenye saini ya Dikembe Mutombo, alipokuwa akichezea Rockets, timu ya kikapu ya hapa Houston. Nilimwita kwa Kiswahili katikati ya watu, akageuka, akasaini ameiegemeza kwenye kiganja, ndiyo maana wino umeruka kwenye herufi za mwisho. Wakaguzi, wale wanaothibitisha kama saini ni ya kweli, nimewapelekea saini saba, zote zimeandikwa mbele ya macho yangu. Tano zimepita. Mbili zimerudi, mojawapo hiyo: hawakuweza kuthibitisha. Imeniuma, ila siwalaumu. Miaka ya 1990 FBI walipowafuatilia waghushi wa saini walikuta hata mipira ya besiboli iliyotiwa saini ya uongo ya Mama Teresa. Tangu hapo soko halitaki neno la mtu, linataka cheti. Sasa fikiria ungeikuta tiketi ile kwenye boksi mimi sipo. Ungeona wino ulioruka na karatasi ya wakaguzi inayosema hapana, ukaitupa. Mutombo huyo, aliyejenga hospitali Kinshasa akaipa jina la mama yake, na ambaye mwenyewe ametutoka Septemba 2024.

Sasa ile kadi ya Michael Jordan, najua utaiuliza. Mwaka 1986 nilikuwa nakaa kaunta usiku kwenye sheli. Pakiti za kadi za kikapu za kampuni ya Fleer tuliuza senti 40: kadi kumi na mbili, stika moja na kipande cha bigijii kigumu kama kigae. Seti nzima kadi 132, nami nilikuwa naitafuta moja tu, namba 82, ya Olajuwon, kijana wa Lagos aliyekuwa akicheza hapa hapa mjini kwetu. Nilipoipata niliitia kwenye bahasha nikaihifadhi pamoja na pasipoti yangu. Kadi imeandikwa "Akeem", kwani "Hakeem" alianza kuandika mwaka 1991. Jordan, namba 57, alitoka kwenye pakiti ya pili. Nikamtupia kwenye droo ya risiti.

Ndiyo sababu kona zake zimelika hadi weupe unaonekana, na kuna mkunjo mwembamba kama unywele, hauonekani mpaka uinamishe kadi kwenye taa. Wakaguzi wa kadi, wanaopima hali yake, wamempa daraja la 4 kati ya 10. Januari 2021 kadi mbili kama hiyo, za daraja la 10, zilipouzwa mnadani dola 738,000 kila moja, ulinipigia usiku unapiga kelele. Bei zile zilishuka mwaka ule ule, na yangu haikuwa ya kiwango hicho hata siku moja, lakini bado ni dola elfu kadhaa. Olajuwon kapata 8, na anayemtaka ni mmoja mmoja. Ningeambiwa nichague, ningechukua Olajuwon.

Jordan nimempeleka mnadani. Nyingine nauza mojamoja, nikimweleza kila mnunuzi niliipata wapi.

Kuna jambo jingine, nalo ninalo moyoni muda mrefu. Ulipokuwa mdogo nilikuonyesha yale maboksi ya besiboli ya mwaka 1988 hadi 1992 nikakwambia hii ndiyo ada yako ya chuo. Sikukudanganya, niliamini hivyo. Ila miaka ile kampuni zilichapa kadi bila kipimo, na kila mtu alikuwa ameweka maboksi yake chini ya kitanda. Mwaka ulioingia chuo nilibeba maboksi manne hadi kwa mnunuzi. Alisoma maandishi ya nje, akanirudishia bila kuyafungua. Ndipo nilipoanza kufanya kazi na Jumapili. Hukuniuliza kwa nini, nami sikusema. Sitaki mkae tena mkitegemea boksi ambalo hamjui lina nini. Kitakachopatikana nitawagawia wewe na kaka yako kabla ya Krismasi, hela mkononi.

Tiketi ya Mutombo haiuzwi. Nimeandika hadithi yake yote kwenye karatasi nikaibandika nyuma ya fremu, na tarehe.

Jumamosi ukija niletee albamu ya bluu, iko kwako tangu ulipohama. Ukurasa wa mwisho kuna kadi ya Mtanzania Hasheem Thabeet ya 2009, mwaka aliochaguliwa wa pili kuingia ligi ya NBA, na sisi sebuleni tukapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Hiyo itoe ibaki kwako. Zilizobaki usizichomoe kwenye plastiki, nitazitoa mwenyewe.

Baba yako