Saa 11, saa 14 na logi ya uongo: kwa dereva mpya wa lori Marekani

Dereva mpya akiulizwa sheria inamruhusu saa ngapi kwa zamu, hujibu haraka: 11. Si uongo, ila jibu limekatika katikati, na kipande kilichokosekana ndicho kinachowanasa wengi. Saa 11 ni za kukaa kwenye usukani. Zote lazima ziingie ndani ya saa 14 zinazoanza kuhesabiwa tangu unapofanya kazi yoyote, hata kupima upepo wa matairi, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Saa hizo 14 zikishaanza, hazisimami kwa ajili ya chakula wala foleni ya ghalani. Zikiisha, huendeshi tena, hata kama katika zile 11 umetumia 4 tu.

Chukua siku ya kawaida. Umeanza kukagua lori saa 12 asubuhi, nusu saa. Umeendesha nusu saa hadi ghalani, ukakaa pale saa 5 ukisubiri kupakiwa. Sasa ni saa 6 mchana. Za kuendesha zimebaki 10 na nusu, lakini zile 14 zinaisha saa 2 usiku, kwa hiyo una saa 8 tu za barabarani. Dispacha, yaani mpanga safari wa kampuni, anapiga hesabu ya maili kwa saa 10 na nusu. Tofauti hiyo ya saa 2 na nusu ndiyo mama wa logi (kumbukumbu za saa za dereva) nyingi za uongo, na karibu kila mara haianzi na dereva mvivu au jeuri. Inaanza na mlango wa kupakia uliochelewa.

Kabla ya kugusa logi, jua kwamba sheria yenyewe imekupa njia. Saa 10 za mapumziko zinaweza kugawanywa mara mbili: kipande kimoja kisichopungua saa 7 kitandani ndani ya kebini, na kingine kisichopungua saa 2, kitandani au nje ya kazi kabisa, jumla zifike 10. Vipande hivyo vikikamilika vyote viwili, havihesabiwi katika zile 14. Saa 5 za ghalani zinaweza kuwa kipande cha kwanza, mradi baadaye ulale zile 7. Lakini ziwe za mapumziko kweli: umeachiwa, huhesabu mizigo, husogezi foleni. Ukiitwa saa ya tatu usogeze trela mlangoni, mapumziko yamekatika hapo. Kuandika "kitandani" huku umesimama na karatasi mkononi ukihesabu makasha ni kughushi, hata kama hukuendesha hata inchi moja.

Na hapa pana mtego ambao logi safi haiuonyeshi. Ukitumia mgawanyo huo vizuri katika siku ile ile, unaweza kuendesha kihalali hadi karibu saa 5 usiku. Kama zile saa 5 ulilala, sawa. Kama uliziishia kwenye simu, kufikia wakati huo umekaa macho saa 17. Utafiti wa usingizi umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hujibu na kuamua kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Akifika saa 24, ni kama 0.10. Mpaka wa dereva wa lori ni 0.04.

Ajali ya New Jersey ya Juni 2014, iliyomuua mchekeshaji James McNair na kumjeruhi vibaya Tracy Morgan, ndiyo mfano wa kusoma kwa makini. Zile saa 14 za dereva zilikuwa bado hazijaisha. Wachunguzi wa NTSB, shirika la serikali linalochunguza ajali, walikuta amekaa macho zaidi ya saa 28, kwa sababu alikuwa amesafiri usiku kucha kwa gari lake kutoka nyumbani Georgia kwenda kuanza zamu Delaware. Logi huandika kazi, haiandiki usingizi. Ukikaa mbali na kituo chako, fika jana yake.

Lori lililojaa linaweza kufika pauni 80,000, yaani zaidi ya tani 36. Kwa mwendo wa maili 65 kwa saa linakwenda karibu mita 29 kila sekunde. Kusinzia sekunde 4 ni zaidi ya mita 115 bila dereva, na katika kusinzia kwa namna hiyo mtu hata hajui kwamba alifumba macho. Dalili ya mapema si kupiga miayo. Ni kutokumbuka maili chache zilizopita, au kushtuka umeshakanyaga mstari. Redio na dirisha wazi havisaidii kwa zaidi ya dakika chache.

Sasa logi yenyewe. Tangu Desemba 2017 malori mengi ya masafa marefu yanatakiwa kuwa na kifaa cha ELD, yaani logi ya kielektroniki, kilichounganishwa na injini. Mwendo ukifika maili 5 kwa saa, kinaandika kwamba unaendesha, upende usipende. Dakika za kuendesha zilizojiandika zenyewe hazifupishwi. Mengine yanaweza kusahihishwa kwa maelezo, lakini maandishi ya kwanza hubaki chini yake. Kampuni ikitaka kurekebisha logi yako, ni wewe unayekubali au kukataa. Ukibonyeza kukubali, sahihi ni yako, si ya aliyekuomba. (Kwa tuliokulia kwenye saa ya Kiswahili: kifaa hakijui saa 2 usiku, kinaandika 20:00, tena kwa majira ya kituo chako cha nyumbani, si ya jimbo ulilomo. Makosa mengine ya logi ni hayo tu, na askari hatakuamini ukianza kueleza ukiwa umechelewa.)

Watu hudanganya hata hivyo, na njia zao zinajulikana. Wapo wanaochomoa kifaa: maili za injini zinaruka, logi inasema umelala Ohio na ukaamkia Indiana. Wapo wanaoingia kwa jina la dereva wa pili asiyekuwepo, askari anauliza tu, "Mwenzako yuko wapi?" Wapo wanaotumia kipengele cha matumizi binafsi (kuendesha lori ukiwa nje ya kazi) ili kuusogeza mzigo karibu na mteja. Ukiishiwa saa ghalani unaruhusiwa kwa kipengele hicho kwenda mahali salama pa karibu pa kulala, na uandike sababu. Kupita maegesho matatu yenye nafasi kuelekea kwa mteja si matumizi binafsi. Siku hizi wapo pia wauzaji wa huduma ya "kurudisha saa" kutoka nyuma ya pazia. Hao wakikamatwa, wewe ndiwe unayebaki barabarani na logi yao.

Uongo haukamatwi kwa kuitazama logi peke yake. Unakamatwa kwa kuilinganisha na risiti ya mafuta, malipo ya barabara, tiketi ya mizani, hati ya shehena, ujumbe wa dispacha, na ripoti ya ukaguzi wa jimbo ulilopita asubuhi. Kampuni hutunza logi na karatasi hizo miezi 6. Ili dakika 90 zifichike, karatasi zote hizo zingepaswa kukubaliana na wewe.

Barabarani, kuzidisha saa au kughushi logi kunakusimamisha papo hapo, kwa kawaida saa 10, popote ulipo, mzigo juu. Hilo ndilo dogo. Ukaguzi unabaki miaka 3 katika rekodi ya PSP ambayo waajiri huisoma kabla ya kukupigia simu. Ajali, miaka 5. Faini hutozwa kwa dereva na kwa kampuni, na kuzidisha saa za kuendesha kwa zaidi ya 3 huhesabiwa kuwa ukiukaji mkubwa mno. Taarifa ya uongo kwa serikali ni jinai ambayo inaweza kuleta kifungo hadi miaka 5. Mtu akifa, logi ya uongo hubadilisha kesi nzima: hata kama kosa la ajali lilikuwa la gari dogo, wakili wa upande wa pili ataanza na hoja kwamba kisheria ulitakiwa uwe umelala.

Kuna pia kikomo cha saa zote za kazi: 60 kwa siku 7, au 70 kwa siku 8, kampuni itakuambia inafuata ipi. Mapumziko ya saa 34 mfululizo yanairudisha hesabu kwenye sifuri. Dakika 30 za kusimama zinahitajika baada ya saa 8 za kuendesha. Haya kifaa kitakukumbusha.

Kisichokukumbusha ni nini cha kumwambia dispacha anayesema "jitahidi". Usibishane kwa simu. Andika, na uandike mapema, saa 3 kabla ya kuishiwa, si dakika 10. Taja saa zinapoisha, utakapokuwa, na muda halisi wa kufika: "Saa zangu zinaisha 20:00. Nitalala eneo la maili 212. Nitafika kesho 09:30. Naomba umjulishe mteja." Akijibu kwamba uendelee, jibu lake limeandikwa. Kumlazimisha dereva avunje saa ni kosa la kampuni, dalali au mwenye mzigo, na malalamiko hupelekwa FMCSA, idara ya serikali inayosimamia malori, ndani ya siku 90. Ukifukuzwa kwa kukataa, OSHA, idara ya usalama kazini, hupokea malalamiko ndani ya siku 180. Piga picha ya ujumbe siku hiyo hiyo, maana simu ya kazi hurudishwa siku ya kufukuzwa.

Kifaa kikiharibika, chukua logi za karatasi. Sheria inataka uwe nazo tupu za kutosha siku 8 ndani ya kebini. Iarifu kampuni kwa maandishi ndani ya saa 24, na uandike upya siku hiyo na 7 zilizotangulia, isipokuwa kama kumbukumbu hizo bado unazo.