"Yeye" Asiyeitwa

SWALI: Ninatafsiri kwa kujifurahisha riwaya ya Ursula K. Le Guin, The Left Hand of Darkness, iliyotoka mwaka 1969 na kutunukiwa tuzo za Hugo na Nebula. Wakazi wa sayari ya Gethen si wanaume wala si wanawake, isipokuwa kwa siku chache za kila mwezi, lakini mwandishi anawataja kwa kiwakilishi cha kiume. Je, nikiandika "yeye" kila mahali, nitakuwa nimelitatua tatizo hilo?

JIBU: Tatizo hilo ni la Kiingereza, nawe unataka kulitibu kwa kukiumiza Kiswahili. Le Guin alilazimika kuchagua kiwakilishi, akalaumiwa, akajitetea katika insha ya mwaka 1976, kisha mwaka 1987 akaipitia upya insha hiyohiyo na kuukana utetezi wake. Wewe huna la kuchagua, kwa kuwa kiambishi "a-" hakimuulizi mtu jinsia yake.

Ila umenichokoza kwa hilo "yeye", neno ambalo siku hizi, hasa katika tafsiri na taarifa za habari, limesimama mlangoni mwa kila sentensi kama bawabu ambaye hakuna aliyemwajiri. Tuchukue safari ya Estraven na Genly Ai, wahusika wakuu wa riwaya hiyo, barafuni. Mtafsiri wa leo angeandika: "Yeye aliamka, yeye alikunja hema, na yeye alianza kuvuta sleji." Wameamka watu watatu? Sisi tungesema: "Aliamka, akakunja hema, akaanza kuvuta sleji." Mtenda yumo ndani ya kitenzi, na "-ka-" inayabeba matendo kwa mfululizo; ukimwongeza "yeye" mara tatu, msomaji ataanza kutafuta ni nani mwingine aliyebaki amelala. Neno lenyewe ni "ye" iliyorudufishwa, ileile ya "naye" na "ndiye", na kazi yake ni kusisitiza au kulinganisha: "Mimi nililala, yeye alikesha." Hapo nalikubali, hata kwa furaha.

Kinachostahili kukukosesha usingizi ni nomino. Mfalme Argaven anapata mimba, nasi tuna mfalme na malkia, hatuna wa katikati. Usibuni neno. Andika "mfalme ana mimba", kisha usiongeze tanbihi ya kumtuliza msomaji, maana mwandishi alikusudia ashtuke.