Maswali ya wasomaji: Kuwasha ndege ndogo asubuhi ya baridi kali

SWALI: Najifunza urubani huku Minnesota, kwa ndege aina ya Cessna 172. Asubuhi za Januari mwalimu hakubali niwashe injini kabla ya kuipasha joto, ingawa betri ni nzima na oili ni nyepesi. Je, hita ya umeme ya kubandika chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) haitoshi? Na lile joto la ndani ya ndege hutoka wapi?
Mwanafunzi, Minneapolis

JIBU: Msikilize mwalimu wako. Uzito wa oili ni nusu tu ya tatizo. Kasha la injini ni la alumini na krankshafti, yaani mhimili unaozungusha propela, ni ya chuma, na kwenye baridi alumini husinyaa karibu mara mbili ya chuma. Kasha hubana beringi zinazoshikilia mhimili huo, nafasi ya oili kupita hupungua, na injini hujisaga hata ikiwa imewaka vizuri kabisa. Watengenezaji wa injini Lycoming wanataka injini zao nyingi zipashwe joto chini ya nyuzi -12 za Selsiasi. Wenzao Continental, chini ya -7.

Hita ya sampu pekee hupasha oili, huku silinda, kipoza oili na mabomba yake vikibaki baridi. Ukiiacha siku nyingi, unyevu wa oili hupanda na kutua kwenye kamshafti (mhimili unaofungua vali) iliyo baridi, nayo hushika kutu. Ongeza hita za silinda, ziba matundu ya hewa ya mbele, kisha funika pua yote kwa blanketi nene. Zima magneto (vifaa vinavyotoa cheche za injini), ondoa ufunguo, halafu gusa kitovu cha propela: kikiwa na uvuguvugu, joto limefika ndani. Usisahau kutoa vizibo kabla ya kuwasha!

Kagua pia bomba la kupumulia la injini, linalotoa mvuke wa ndani ya kasha. Barafu ikiziba mdomo wake, shinikizo hung'oa sili ya mbele ya krankshafti, inayozuia oili isivuje, na oili yote humwagika angani. Lile tundu dogo la akiba lililo juu ya mdomo liwe wazi.

Joto la ndani ni hewa inayopita kuizunguka mafla ya eksozi, yaani kipunguza kelele cha bomba la moshi. Mafla ikipasuka, hewa hiyo hubeba kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Funga kigunduzi chenye king'ora. Kadi za kubadilika rangi huisha muda bila mtu kujua. Kichwa kikiuma au usingizi ukikujia, zima joto la ndani, fungua hewa ya nje, tua uwanja wa karibu.