Sketi ya Rehema

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu zako nimezipata, na picha za Rehema nimezionyesha mtaa mzima. Umeniuliza kama nitaona vibaya mjukuu wangu akipanda jukwaani na ile sketi ya baleti, ile iliyotandaa kiunoni kama sinia na mapaja yote nje. Unasema mama yako mkubwa ameshatoa hukumu. Najua, aliitolea hapa hapa barazani kwangu, na chai yangu akanywa.

Mimi nina swali langu kwanza: nani ameishona? Nguo igeuze, ndipo uiseme. Umelisikia neno hilo tangu unatambaa chini ya cherehani.

Unakumbuka uliponipeleka Orsay, ile makumbusho ya Paris, tukasimama mbele ya yule binti wa shaba, sanamu ya mcheza baleti aliyoifinyanga Degas? Mwili shaba, sketi kitambaa cha kweli. Nikainama kuchungulia ilivyoshikizwa kiunoni, mlinzi akakohoa, na wewe ukajifanya hunijui. Wenzangu walikuwa wanatazama uso. Mimi nilikuwa na deni na sketi ya namna ile.

Ukiwa darasa la pili, mwalimu wenu alikuja na picha iliyokatwa gazetini, anataka sketi sita za sherehe ya shule. Neti ya shela bei yake ilikuwa haishikiki, nikakata vyandarua vitatu vipya. Nikakunja marinda, tabaka nne, zote urefu mmoja, nikapiga cherehani. Zikalala kama kanga iliyoloa. Basi nikapika uji mwepesi wa wanga wa muhogo, nikazitia, nikazianika juani. Mchana zilisimama kama miavuli. Jioni mvua ya masika ikashuka, ukumbi umejaa watu na joto, na wimbo haujafika nusu, sketi zimewaganda mapajani, mko kama vifaranga walionyeshewa. Watu wakacheka. Mwalimu akasema kwa sauti, "Fundi katuangusha." Hela ya vyandarua sijaiona hadi leo. Marehemu baba yako alinituliza kwamba ni mvua tu. Haikuwa mvua. Nilitaka wanga ufanye kazi ya sindano.

Sketi ile, mwanangu, hushonewa kwenye chupi yake yenyewe. Tabaka ni kumi, hata kumi na mbili, za neti ngumu. Ya chini kabisa fupi kama kiganja, kila inayofuata inaizidi kidogo, hivyo za chini zinaibeba ya juu. Kisha unazishikiza kwa mkono, nyuzi zikiwa legelege, zisitawanyike wala zisibanane. Wengine huingiza na duara la waya. Mwaka 1950 kule New York, Karinska, fundi mzaliwa wa Kharkiv, aliutoa waya huo, akapunguza tabaka, na sketi ikasimama vilevile kwa mishono. Nilipolisoma hilo nilikaa kimya muda mrefu.

Haya, stara. Mama yako mkubwa anadhani sketi ilizaliwa fupi. Mcheza baleti Marie Taglioni alipocheza Paris mwaka 1832, yake ilishuka hadi katikati ya muundi, nyeupe, kama kengele. Na hiyo nayo ilipandishwa ili miguu ionekane ikisimama kwenye ncha za vidole. Baadaye, miaka ya 1880, mchezaji Mtaliano Virginia Zucchi alifika Saint Petersburg, Urusi, akazidi kuikata. Jina lenyewe, tutu, husemwa limetoka kwenye neno la kitoto la Kifaransa la makalio. Hilo usimwambie.

Lakini anayenikosesha usingizi ni Emma Livry, mwanafunzi wa Taglioni. Sketi zao zilikuwa ndefu, na taa za jukwaani zilikuwa za gesi, ndimi za moto wazi. Kulikuwa na dawa ya kulowekea kitambaa kisishike moto, na amri ya kuitumia ilikuwapo. Dawa hiyo ilikifanya kitambaa kiwe kigumu na kifubae, naye akaandika kwamba atavaa sketi yake ya kawaida na lawama ni juu yake. Mwezi Novemba 1862, wakiwa mazoezini, aliitikisa sketi ikagusa taa. Inasimuliwa kwamba katikati ya moto ule alikuwa akivutia kitambaa kinachowaka mwilini ajisitiri. Alifariki Julai iliyofuata, ana miaka 20.

Mimi nililia kwa kukosa ugumu, yeye akaukataa ugumu akafa. Na nguo ilikuwa ndefu, yenye heshima.

Sisemi fupi ndiyo salama; neti ni neti, iwe fupi iwe ndefu huwaka. Wala sisemi dada yangu hana hoja. Mtoto wa kike akitazamwa na ukumbi mzima, hata mimi roho hunidunda. Halafu najijibu: ulipotazamwa wewe, kilichokuaibisha kilikuwa mapaja au kazi yangu mbovu? Uliendelea kuzunguka hadi wimbo ukaisha, wenzako wawili wameshakimbilia nyuma ya pazia. Sijawahi kukwambia kwamba nilikuona.

Ningekuwa wa kuhukumu ningesema... basi, wewe ndiye mama yake. Ila kabla hujanunua ya dukani, igeuze utazame ndani. Ukiona gundi mahali pa uzi, irudishe.

Nipimie kiuno na nyonga za Rehema, kisha pitisha utepe kutoka begani, katikati ya miguu, hadi begani tena. Vipimo si ruhusa, tuelewane. Na neti usiichukue mpaka unitumie kipande nikifinye. Ile laini ya shela usihangaike nayo, inalala.

Mama yako