Maswali ya Wasomaji: Wimbi la Sini Hospitalini na Katika Utafiti

Barua nne tulizozichagua safari hii zimetoka kwa watu wa kazi mbalimbali, lakini zote zinahusu wimbi moja: wimbi la sini, lile linalopanda na kushuka kwa ulaini bila kona wala kituo, na ambalo wanafunzi hulichora wanapojifunza trigonometria. Kwa kuwa jibu la barua moja linasaidia kuielewa nyingine, tumeziweka pamoja.

Baba yangu alifanya kazi miaka mingi kwenye mashine za kusindika katani. Alipopelekwa kupimwa masikio, alivalishwa vipokea sauti, akasikilizishwa mlio mmoja baada ya mwingine, na kuambiwa abonyeze kitufe kila anapousikia. Tukaelezwa kuwa usikivu wake umepungua kwenye hezi 4000. Yeye anauliza kwa nini hawakumpima kwa maneno ya watu, ambayo ndiyo anayoshindwa kuyasikia. (Msomaji, Tanga)

Hoja ya mzee ni ya haki, na kipimo cha maneno kipo. Mara nyingi hufanywa baada ya hicho alichofanyiwa. Hata hivyo, kuna sababu ya kuanza na milio ile. Sikio la ndani lina mfereji uliojizungusha kama gamba la konokono, na ndani yake umo utando ambao kila sehemu yake huitikia zaidi sauti za marudio fulani, yaani idadi fulani ya mitikisiko kwa sekunde, ambayo huhesabiwa kwa hezi. Sehemu iliyo karibu na mwanzo wa mfereji huitikia sauti nyembamba, na iliyo mwisho kabisa huitikia sauti nene. Jinsi mtikisiko unavyosafiri juu ya utando huo ilichunguzwa na Georg von Békésy, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kazi hiyo.

Neno la mtu, hata liwe fupi, hubeba marudio mengi kwa pamoja. Mgonjwa akipimwa kwa maneno peke yake, anaweza kulitambua neno kwa kutegemea sehemu za utando zilizobaki nzima, au kwa kukisia kutokana na maana, na sehemu iliyoharibika isijulikane ni ipi. Mlio wa wimbi la sini una marudio ya aina moja tu, kwa hiyo, ukipigwa kwa sauti ya chini, huigusa hasa sehemu moja ya utando. Mpimaji kwa kawaida huanza na hezi 1000, akapanda hadi 2000, 4000 na 8000, kisha akarudi chini kwenye 500 na 250, na kwa kila mlio hutafuta sauti ndogo kuliko zote ambayo mgonjwa bado anaisikia. Kwa njia hiyo anaupima utando kipande kwa kipande.

Matokeo ya mzee nayo yana maana yake. Uzee kwa kawaida huanza kupunguza usikivu kwenye sauti nyembamba kabisa, ilhali kelele za mashine huacha pengo kati ya hezi 3000 na 6000, na mara nyingi pengo hilo huonekana wazi kwenye 4000. Mwombeni daktari awaonyeshe mchoro: ikiwa mstari unashuka kwenye 4000 kisha unapanda tena kwenye 8000, kelele za kazini ni jambo la kumwuliza bila kusita, kwa sababu linahusu pia haki za mfanyakazi na usalama wa vijana waliopo kwenye mashine hizo leo. Pengo la namna hiyo ndilo linalomfanya mtu asikie kwamba anasemeshwa lakini ashindwe kutofautisha "fikia" na "sikia", kwani nguvu ya herufi kama f na s iko zaidi kwenye marudio ya juu.

Ninafundisha hisabati sekondari. Wanafunzi wangu wanauliza kwa nini wanasayansi wameng'ang'ania wimbi la sini, wakati mawimbi ya mraba na ya pembetatu ni rahisi zaidi kuchora. Je, lina matumizi nje ya hospitali? (Mwalimu, Bagamoyo)

Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza swali ambalo watu wazima wengi hulipita bila kuliona.

Chukua kitu chochote kinachojibu kwa uwiano, yaani ukikisukuma mara mbili zaidi nacho kinajibu mara mbili zaidi, na ambacho tabia yake haibadiliki wakati unakipima. Ukikipelekea wimbi la sini, kikishatulia kitakurudishia wimbi la sini lenye marudio yaleyale. Vitakavyobadilika ni viwili tu: kimo cha wimbi, na muda ambao jibu limechelewa. Wimbi la mraba halina sifa hiyo. Likipita ndani ya kitu kama hicho, kona zake hulegea na umbo lake likapotea. Mtafiti anayetumia sini anaeleza jibu lote kwa namba mbili kwa kila marudio, na namba hizo zinaweza kulinganishwa na za maabara nyingine yoyote duniani.

Sababu ya pili ilitoka Ufaransa. Mwaka 1807 Joseph Fourier, akichunguza jinsi joto linavyosambaa ndani ya vitu vigumu, alidai kwamba umbo lolote linalojirudia linaweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi ya sini. Wanahisabati wakubwa wa wakati wake walilitilia shaka dai hilo, na kitabu chake kikatoka mwaka 1822. Wanafunzi wako wanaweza kulijaribu darasani: wachore sini ya hezi 100, waongeze sini ya hezi 300 yenye theluthi ya kimo cha ile ya kwanza, kisha ya hezi 500 yenye sehemu moja ya tano, na kuendelea hivyo kwa namba witiri. Wataona wimbi la mraba likijitokeza mbele yao. Kwa hiyo hilo wanaloliona kuwa rahisi ndilo lenye mchanganyiko mwingi.

Kuhusu matumizi, msihangaike kwenda mbali, kwa sababu bahari iko mbele ya shule yenu. Kujaa na kupwa kwa maji ni jumla ya mawimbi mengi ya sini, na makubwa kwenye pwani yetu ni mawili: la mwezi, ambalo mzunguko wake ni saa 12 na dakika 25 hivi, na la jua, ambalo mzunguko wake ni saa 12 kamili. Kwa kuwa yanapishana kidogo kidogo, kuna siku vilele vyake hukutana na maji yakawa bamvua, yaani yakajaa na kupwa sana, na kuna siku kilele cha moja hukutana na bonde la jingine, yakawa maji mafu, yaani yakajaa na kupwa kidogo. Kutoka bamvua moja hadi nyingine ni siku 15 kasoro kidogo, na hesabu hiyo inatoka moja kwa moja kwenye tofauti ya ile mizunguko miwili. Wavuvi wameijua mizunguko hii tangu kale kwa kuutazama mwezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1870, William Thomson wa Uingereza, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin, alibuni mashine ya magurudumu na kapi ambayo kila gurudumu lilitoa sini moja, na uzi mmoja ukazijumlisha zote ili kutabiri kina cha maji bandarini.

Njia hiyohiyo hutumika katika utafiti wa malaria, ambao Bagamoyo inaufahamu kwa miaka mingi. Idadi ya wagonjwa hupanda na kushuka kwa majira, na mtafiti hulinganisha takwimu za kila mwezi na wimbi lenye mzunguko wa miezi 12. Mahali penye msimu mmoja wa mvua, wimbi hilo peke yake linaweza kukaribia kutosha. Kwenu, ambako kuna masika na vuli, halitoshi. Inabidi kuongeza la miezi 6 ili vilele viwili vipate nafasi. Faida yake ni kwamba majira yakishaondolewa kwa hesabu, kinachobaki ndicho kinachoweza kuonyesha kama vyandarua au dawa mpya vimeleta mabadiliko. Asiyefanya hivyo anaweza kuisifu dawa kwa kazi iliyofanywa na kiangazi.

Kuna pia kipimo cha MRI, kinachotumia sumaku kutoa picha za ndani ya mwili. Katika sumaku yenye nguvu ya tesla 1.5, viini vya haidrojeni mwilini huyumba kwa marudio ya takriban hezi milioni 64, na mashine hubadilisha nguvu ya sumaku kidogo kutoka sehemu hadi sehemu ili marudio nayo yatofautiane. Ishara inayorudi ni mchanganyiko. Hesabu ya Fourier huuchambua na kuugeuza kuwa picha. Paul Lauterbur na Peter Mansfield walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kuiwezesha kazi hiyo.

Kituo chetu kinatumia umeme wa jua kupitia inveta, na kina mashine ndogo ya ECG, ile inayochora umeme wa moyo. Mara nyingine mstari wa moyo hutoka mnene, umejaa mawimbi madogo yanayolingana. Je, ni ugonjwa? (Muuguzi, Kasulu)

Dada muuguzi, mawimbi madogo yanayolingana namna hiyo kwa kawaida si ya moyo. Ni umeme wa nyaya ulioingia kwenye kipimo, nao katika nchi zetu una marudio ya hezi 50. Kwa mwendo wa kawaida wa karatasi, milimita 25 kwa sekunde, yatatokea mawili katika kila milimita. Kwanza bandika upya vibandiko vilivyolegea, sogeza nyaya za umeme mbali na kitanda, na mwambie fundi akague ethi. Kisha angalia kichujio cha mashine: ikiwa iliagizwa kwa ajili ya Marekani, huenda imewekwa hezi 60, na hapo haitachuja chochote cha kwetu. Inveta nayo iwe ya sini safi, kwa sababu zile za bei ndogo hutoa wimbi la ngazi lenye marudio mengi ya ziada, yanayopasha moto mota na kuingiza kelele kwenye vifaa vya kupimia.

Lakini kuna hali moja ambayo nakuomba usiichanganye na hiyo. Ikiwa mapigo yenyewe yamepanuka, vilele vidogo vya mwanzo vimetoweka, na mstari mzima umekuwa wimbi pana na laini linalofanana na sini, huenda potasiamu katika damu imepanda kupita kiasi, hasa kwa mgonjwa wa figo. Moyo unaweza kusimama wakati wowote. Usisubiri kurudia kipimo. Mwite daktari papo hapo.

Mizani ya kupima mafuta mwilini hupitisha umeme miguuni. Ni salama? (Msomaji, Nakuru)

Kwa mtu mwenye afya, ndiyo. Umeme huo ni wimbi la sini, mara nyingi la hezi 50,000, na nguvu yake haifiki miliampea moja, kwa hiyo hauhisiwi. Maji yenye chumvi huupitisha vizuri na mafuta huuzuia, na mashine hukadiria kutokana na tofauti hiyo. Mashine za utafiti hutumia marudio kadhaa, kwa kuwa umeme wa marudio ya chini huzunguka nje ya seli, na wa marudio ya juu hupenya ndani yake. Hivyo watafiti hukisia maji yaliyo nje na ndani ya seli, jambo lenye manufaa kwa wagonjwa wanaosafishwa damu. Mizani ya nyumbani huathiriwa sana na maji uliyokunywa, basi jipime saa ileile, kabla ya chai ya asubuhi. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo kifuani asiipande kabisa.