Saa moja Morkarlby

Mmeuliza wiki hii: ukipewa saa moja uingie ndani ya picha ya kuchorwa, utachagua ipi?

Mimi sihitaji kufikiri. Ni *Midsommardans* (ngoma ya katikati ya kiangazi) ya mchoraji wa Kiswidi Anders Zorn, ya mwaka 1897. Ipo Nationalmuseum, jumba la sanaa hapa Stockholm ninapoishi, nami huipitia siku za mapumziko kama mtu anavyompitia jirani.

Si kubwa sana, sentimita 140 kwenda juu na 98 kwa upana. Wanakijiji wa Morkarlby, huko Mora katika jimbo la Dalarna, wanacheza wawiliwawili kwenye majani, mkesha wa sikukuu ya katikati ya kiangazi. Kuna nyumba za mbao zenye ule wekundu wa Dalarna, rangi itokanayo na mgodi wa shaba wa Falun, na nyuma mlingoti uliovikwa majani.

Kinachoninasa ni vioo vya madirisha. Vimeshika jua. Juni kule giza haliingii sawasawa, na hawa wamecheza mpaka kumepambazuka. Aliyewahi kukesha harusini anaijua saa hiyo: miguu inauma, nguo zimeshapoteza pasi, na hakuna anayeaga.

Halafu nyuso. Zorn aliishi kwa kuchora nyuso za watu, tena wenye pesa. Hata Grover Cleveland, aliyewahi kuwa rais wa Marekani, alichorwa naye. Angetaka, angetuhesabia kope. Hapa kaziacha nyuso zipotee, kazi yote kaipa sketi zinazofura wachezaji wakizunguka. Nadhani hakuona haja ya kututambulisha kwa majirani zake.

Maana kwao ni hapo. Alilelewa na babu na bibi yake shambani Mora, akaondoka, akaishi London, kisha Paris, akarudi 1896 akiwa na jina na fedha. Alikuta mambo ya zamani yanafifia, akawa mstari wa mbele kuyahuisha. Kuichora ngoma yenyewe alihimizwa na Prince Eugen, mwana wa mfalme aliyekuwa mchoraji pia.

Hapo ndipo huwa nacheka peke yangu. Shemeji yangu wa Pemba hunisema kila nikienda likizo: "Nyie wa Ulaya mnakuja wiki mbili, mnataka tuwachezee msewe," ngoma yetu ya asili. Ana haki. Huenda na wa Morkarlby walimnong'ona Zorn vilevile, tajiri aliyerudi na hamu ya mavazi ya bibi yake. Lakini itazameni vizuri: hakuna hata mmoja anayejipanga kwa ajili yake. Wamemsahau. Harusi zetu za siku hizi, mpiga video akisema "rudieni kuingia", bibi harusi anarudi mlangoni!

Saa yangu sitacheza, mirindimo yao siijui. Nitaegemea ukuta wa ile nyumba nyekundu, nione nani ataondoka wa kwanza.